Termosi ya Gaudiose

Nimechoka, na ninaanza na hilo ili usije ukaniuliza huko mbele kwa nini nasema kwa hasira. Tangu mume wangu Rutayisire avimbe mguu, damu ikaganda ndani yake, na bonge moja likapanda hadi mapafuni likataka kumuua, mimi ndiye mguu wake, mimi ndiye saa ya dawa zake, mimi ndiye bawabu wa mlango wake. Binti yetu Tuyishime yuko Kigali. Anapiga simu kila Jumapili kunipa mashauri. "Maman, upumzike." Nipumzike saa ngapi? Anayesema hivyo hajawahi kubadilisha shuka chini ya mwanaume mzito asiyetaka kugeuka.

Tunakaa Bugarama, huku chini kwenye mpunga, kwenye joto na vumbi la saruji. Sisi wawili tulikulia Uvira, huko Kongo, tukarudi Rwanda tukiwa watu wazima, na Rutayisire akafanya kazi kiwandani hadi akazeeka. Alirudi kutoka hospitali na kidonge kimoja cha kumeza kila jioni ili damu isigande tena. Kidonge kidogo, lakini kina masharti mengi kuliko mama mkwe. Damu ikiwa nzito, inaganda na kuua. Ikiwa nyepesi mno, inatoka na haijui kukoma, na hiyo nayo inaua. Ni lazima ikae katikati, na ili kujua kama iko katikati inabidi tupande naye hadi hospitali kule juu, wamchome kidole, tungoje, turudi. Barabara ile naijua kona kwa kona.

Mwanzoni nilikiogopa hata chungu changu. Mwanamke mmoja sokoni aliniambia kwamba mgonjwa wa kidonge kile haruhusiwi kiungo hata kimoja. Nikatupa kitunguu saumu, nikatupa manjano, nikawapa jirani mdalasini na bizari nilizonunua kwa wanawake wa Kamanyola, ng'ambo ya mpaka. Nikampikia Rutayisire wali mweupe na maharage ya chumvi. Alitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Maman Tuyishime, kifo niliponea. Sasa unataka chakula njo iniue?"

"Kula."

"Aka! Hii ni chakula ya lupitali. Siikule."

Basi mimi napigana na sahani, na huku hatari yenyewe inaingia kwa mlango, imevaa kitenge, imebeba termosi.

Nitakueleza kuhusu Gaudiose. Ni jirani yetu, mjane, nyumba yake iko nyuma ya migomba yetu. Zamani alikuwa na wageni kila siku. Kisha akabatiza mjukuu wake, watu wakanywa pombe ya ndizi, na mdogo wa jirani yetu Hategekimana, kijana fundi wa baiskeli, akarudi nyumbani mzima, asubuhi wakamkuta amekufa. Labda ulikuwa moyo. Nani alimpasua aangalie? Lakini watu walisema ni sumu. Hakuna aliyemshitaki Gaudiose, sisi hatuna tabia hiyo. Tuliacha tu kunywa kwake.

Na huku kwetu kuacha kunywa kwa mtu si jambo dogo. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kikombe, ili ujue moyo wake ni mweupe. Ukikataa baada ya yeye kuonja, hujafungua mdomo lakini umeshamwambia mbele ya watu: wewe ni mrogaji. Gaudiose alionja, akaonja, akaonja. Haikusaidia. Walisema sumu anaificha chini ya ukucha, anaitumbukiza baada ya kuonja. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, basi wakangoja lije.

Mtu mmoja tu aliendelea kunywa kwake, naye ni mume wangu. Kila jioni akitoka kazini alipita pale, akaketi kwenye kigoda nje, barabarani kabisa ili kila mtu amwone, akanywa. Nilimwomba aache. Nilimgombeza. Alinijibu, "Nikiacha miye, yule mwanamuke atakufa akiwa muzima." Na Rutayisire akishasema neno, hata jozi ya ng'ombe haiwezi kumvuta.

Sasa alipoanguka kitandani, Gaudiose ndiye aliyekuja kwanza, na tangu siku hiyo hakukosa. Kila jioni alileta termosi. Ndani yake kulikuwa na tangawizi kiganja kizima iliyotwangwa, kitunguu saumu kibichi, manjano kwa vijiko, karafuu na asali. Harufu yake ilifika kabla yake. Alimimina, akaonja, akampa, na mgonjwa wangu aliyekataa wali wangu akanywa hadi chini huku akilamba midomo.

"Inafungua kifua," anasema Gaudiose.

"Inafungua kabisa," anasema mume wangu.

Mimi nimesimama mlangoni nahesabu karafuu kwa macho. Nilikuwa na wasiwasi, ndiyo. Kama viungo vya chunguni ni hatari, hii je? Siku moja nilimwambia Gaudiose mgonjwa amelala. Akasema hana haraka, akakaa kwenye benchi mpaka alipoamka. Siku nyingine nilipokea kikombe nikakimwaga kwenye migomba. Rutayisire aliniona kwa dirisha, na jioni ile hakuzungumza nami kabisa.

Nikajikaza nikaenda kwake nimwambie uso kwa uso. Nilimkuta anachambua mchele. Aliponiona alisimama hata ungo ukamwagika, akafuta kiti kwa kanga yake mwenyewe, akafuta tena mahali palepale.

"Karibu, Maman Tuyishime! Leo jua limetokea wapi?"

Akakimbia ndani akaleta maji ya matunda, ya maracuja. Akaonja, akanipa kwa mikono miwili. Nikasema jino linaniuma. Alirudisha glasi mezani polepole, akatabasamu, akasema jino ni kitu kibaya sana. Pale nguvu zikaniisha.

"Nilikuya juu ya ile termosi," nikaanza.

Uso wake ulikauka. Alikuwa anajua. Mtu aliyekataliwa mara nyingi anaijua sauti hiyo tangu neno la kwanza.

"Termosi iko na nini?"

"Iko... iko muzuri," nikasema. "Inalinda moto sana."

Mungu wangu! Mdomo huu! Kesho yake akaja na termosi kubwa zaidi, ile ya maua ya kuwekea wageni, maana mke wa Rutayisire ameisifu.

Haikupita muda. Asubuhi moja Rutayisire alisukutua, maji yakatoka mekundu, na ufizi haukukoma. Nilipomvua shati niliona mikono yake ina madoa meusi kama aliyepigwa. Kisha akaniita chooni, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikapiga kelele jirani wote wakatoka. Hategekimana, yule aliyefiwa na mdogo wake, alitafuta gari, na tukapanda mlima nimemshika kichwa mapajani, taulo mdomoni mwake, nikisali Salamu Maria nikichanganya mwanzo na mwisho.

Hospitalini walimchoma kidole wakatazamana. Damu ilikuwa imekuwa maji. Walisimamisha kidonge, wakampa dawa ya kuirudisha damu, na muuguzi wa wagonjwa wa kidonge kile, binti mmoja anayeitwa Izabayo, akavuta kiti akakaa karibu nasi.

"Mzee, kuna kitu umebadilisha? Dawa nyingine? Ya kienyeji?"

Rutayisire akatazama dari. Ukuta ungejibu mapema kuliko yeye. Basi nikasema mimi. Tangawizi, saumu, manjano, karafuu, kila jioni, kikombe kikubwa. Mume wangu aliniangalia kama nimemuuza.

"Usiandike jina ya muntu," akamwambia Izabayo.

"Naandika tangawizi, Mzee. Haina jina la mtu."

Nikamweleza na habari ya chungu changu, jinsi nilivyotupa kila kitu. Nilitegemea anisifu. Binti alitikisa kichwa.

"Maman, hapo umejitesa bure. Saumu kwenye mchuzi, manjano kidogo kwenye wali, chai yenye tangawizi kidogo, vile mlivyozoea siku zote, apikiwe, ale. Ubaya unaanza kiungo kikigeuzwa dawa. Ukikitwanga kwa wingi, ukakinywa kila siku juu ya kidonge, sasa ni dawa mbili zinavuta damu upande mmoja. Na vidonge vya saumu au manjano vinavyouzwa, hapana kabisa. Sombe na mboga nyingine za majani ale, lakini kwa kipimo kilekile, si sahani kubwa leo na wiki nzima bila. Na kitu chochote kipya, mniulize kabla."

Nilitamani kulia kwa ajili ya wali ule wote mweupe. Lakini Izabayo alikuwa hajamaliza.

"Safari hii damu imetoka kwenye ufizi na mkojo. Safari nyingine inaweza kutokea kichwani. Hapo sisi hatuwezi kukurudisha, Mzee. Unanisikia?"

"Nimesikia," alisema Rutayisire.

Alisikia, lakini mimi nimeishi na mtu huyu. Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumbani, nikamwambia sasa tutamwambia Gaudiose wazi. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno.

"Ukisema ile kinywaji yake ilinitoa damu, unafikiri bantu batasikia tangawizi? Batasikia sumu. Hategekimana atasikia sumu. Batamufukuza mu nyumba yake."

"Na weye ukikufa?"

"Nitakunywa kidogo tu."

"Kidogo ya kichwa ao kidogo ya ufizi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimechoka hata kuchukia, ila niliona wazi: akipewa kikombe mbele ya watu, atakunywa, nami nitazika mume kwa ajili ya adabu.

Na watu walikuja. Jumapili baada ya misa uwanja wetu ulijaa, kama ilivyo desturi mtu akitoka hospitali. Waliketi kwenye mikeka na mabenchi, Wakatoliki wenzetu na majirani Waislamu, wakaleta maziwa, ndizi, viazi, na kila mmoja alikuwa na habari ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa uleule. Rutayisire alikaa kwenye kiti katikati, amevaa koti, anatabasamu. Mimi nilikuwa nazunguka na sahani. Hakuna aliyeniambia keti.

Gaudiose akaingia. Maongezi yakapungua, kisha yakaisha. Alipita katikati ya mikeka na termosi yake ya maua, watu wakivuta miguu apite. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu, maana hakuna aliyezungumza naye. Alijua tu kwamba rafiki yake alitoka damu akarudi, na kwamba mgonjwa aliyerudi anahitaji kitu cha moto.

Akafungua. Harufu ya tangawizi ikajaa uwanja. Nikaona hakuna namna, nikasema kwa sauti, nikijaribu kucheka:

"Maman Gaudiose, aksanti sana. Lakini dokta amekataza. Hii dawa yake haipatani na tangawizi mingi. Ni dawa njo iko na masharti, kinywaji haina kosa."

Nilifikiri nimesema vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima kutoka hospitali. Mukagatare, mwenye duka, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, akasema kutoka kwenye benchi:

"Dokta amekataza tangawizi, ao amekataza mukono inayoimimina?"

Wengine walicheka chinichini. Hategekimana hakucheka. Alikuwa anamtazama Gaudiose kwa macho ambayo sikuyapenda, na nikakumbuka kwamba ni yeye aliyetafuta gari, ni yeye aliyeona taulo lenye damu.

Gaudiose alikuwa ameshamimina. Alisimama na kikombe mkononi, hawezi kukitoa, hawezi kukirudisha. Kisha akafanya lile tu alilolijua: akaonja. Akaonja mara mbili, funda kubwa, shingo yake ikaonekana ikimeza. Akanyoosha kikombe kwa mume wangu.

"Leta," akasema Rutayisire, akanyoosha mkono.

Kilichonipata hapo sijui nikiite nini. Hasira, ndiyo, juu ya wote. Juu ya Mukagatare na ulimi wake, juu ya Gaudiose na wema wake wa kuua, juu ya mume wangu anayetoa maisha yake kwa watu na kuniachia mimi mazishi. Niliweka sahani chini. Nikapita mbele ya kiti chake, nikakitwaa kikombe kabla vidole vyake havijakifikia.

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Walidhani nitamwaga. Gaudiose naye alidhani hivyo, maana alifumba macho.

Na usinifikirie kuwa nilikuwa shujaa. Akili yangu ilisema mwanamke huyu hajamuua mtu, lakini koo halina akili, koo langu lilikuwa limesikia maneno ya ukucha miaka yote ile. Niliona kidole gumba chake pembeni ya kikombe, ukucha wake umevunjika, mweusi kwa manjano. Nikanywa.

Ilikuwa ya moto, kali, inauma ulimi na kupanda puani, kisha asali ikaja nyuma yake. Nilikunywa hadi chini, mbele ya wote, bila kuvuta pumzi. Machozi yalinitoka, na mengine hayakuwa ya tangawizi. Kwa maana tangu Rutayisire augue watu walipita mlango wangu na maziwa, na uji, na supu, na vyote vilikuwa vya mgonjwa. Mikono yangu ilipokea na kupitisha. Hiki kilikuwa kikombe cha kwanza kufika mdomoni mwangu, na nilikuwa nimekinyang'anya.

"Iko tamu," nikasema. "Mukagatare, lete kikombe."

"Miye?" Mukagatare akavuta kitambaa chake cha kichwa. "Miye niko na tumbo."

"Miye nilikuwa na jino. Basi ukae na tumbo yako. Na ukisema tena mukono, useme mudomo wangu pia, juu nimekunywa."

Mzee mmoja akacheka wazi. Hategekimana aliendelea kunitazama, kwanza uso, kisha tumbo, kama mtu anayengoja. Akingoja, angoje.

"Niachie hata kidogo," akasema Rutayisire kutoka kwenye kiti.

"Weye utakunywa maziwa! Na jioni nitakupikia wali ya manjano na kitunguu saumu ndani, utakula, na utanyamaza!"

Watu wakacheka sasa kweli, na maongezi yakaanza kurudi taratibu. Gaudiose alikuwa bado amesimama palepale, termosi kifuani.

"Kwa hiyo ilimutoa damu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni miye."

"Ni tangawizi juu ya kidonge. Hukujua, na miye niliogopa kukuambia."

"Uliogopa dawa ao uliniogopa miye?"

Ningeweza kudanganya. Siku ile sikuwa na nguvu ya kubeba hata uongo mmoja.

"Nilikuogopa," nikasema. "Hata sasa vile nilikunywa, niliogopa."

Akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Nikasogeza sahani zilizokuwa kwenye benchi, nikaketi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikamwonyesha nafasi kando yangu. Akaketi. Magoti yangu yalikuwa yanauma hadi kwenye meno.

"Kuanzia leo unanileteaga miye," nikamwambia. "Mgonjwa wa nyumba hii sasa tuko wawili. Mimina ingine."

Akamimina. Nusu ikamwagikia kitenge chake, maana alikuwa analia, na kwa kulia akasahau kuonja. Akanipa kikombe hivyohivyo, kimejaa. Uwanja ulikuwa unatazama. Sikumkumbusha. Nikanywa.